Kumtembeza mzazi aliyekuja kukuona ughaibuni

Mzazi anayepanda ndege kumfuata mwanawe ng'ambo hana haja kubwa ya kuona minara. Anataka kujua unalala wapi, unapita wapi ukienda kazini, nani anakuamkia asubuhi, na ukiugua nani atajua. Ratiba ya kumtembeza ianzie hapo: mtaa wako kwanza, mji unaosifiwa baadaye.

Jiwekee lengo moja linalopimika. Kabla ya siku 7 kwisha, aweze kutoka mlangoni peke yake, afike mahali pamoja anapopapenda, na arudi bila kukupigia simu. Akishafika hapo, mji uliobaki ataufurahia. Asipofika hapo atabaki mgeni wa kusindikizwa kila hatua, na wazazi wengi huona haya kusema kwamba wamechoka kusindikizwa.

Kabla hajaondoka nyumbani

Omba msaada wa kiti cha magurudumu kwa shirika la ndege angalau saa 48 kabla ya safari, hata kama mzazi anatembea vizuri. Kwenye viwanja vikubwa, mwendo wa kutoka mlango wa ndege hadi kwenye mizigo unaweza kuzidi kilomita 1. Isitoshe, anayesukuma kiti ndiye anayejua foleni ya uhamiaji iko wapi na ndege ya kuunganisha inaondokea mlango gani. Mashirika hutumia alama 3. WCHR ni ya anayepanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu. WCHS ni ya asiyeweza ngazi. WCHC ni ya anayehitaji kusaidiwa mpaka kwenye kiti chake ndani ya ndege. Usiseme tu "kiti cha magurudumu", taja alama. Mwenye magoti mabovu akiandikiwa WCHR, gari la kumpandisha halitaletwa, naye atajikuta amesimama chini ya ngazi za ndege bila msaada.

Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake, pamoja na nakala ya karatasi ya daktari, za siku zote za ziara na siku 7 za ziada. Insulini isiwekwe kwenye mzigo mkubwa, kwa kuwa chini ya ndege joto linaweza kushuka hadi ikaganda, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Dawa za maji anazohitaji njiani kwa kawaida huruhusiwa kuzidi kikomo cha mililita 100 ambacho viwanja vingi huweka kwenye ukaguzi, ila azitoe na kuzionyesha mwenyewe kabla hajaulizwa.

Viatu: aje na vile anavyovivaa kila siku. Viatu vipya vilivyonunuliwa kwa heshima ya safari humtoa malengelenge siku ya pili, na ratiba yote huishia hapo.

Mwandikie karatasi moja ya kumwonyesha afisa wa uhamiaji: jina lako, anwani yako kamili, namba yako ya simu, tarehe ya kurudi, na maneno "nimekuja kumtembelea mwanangu" kwa lugha ya nchi hiyo. Mtu mzima aliyekesha njiani akiulizwa swali la haraka kwa lugha asiyoijua hubabaika, na kubabaika huonekana kama kuficha jambo.

Kuhusu simu, kama ina nafasi ya laini 2, laini ya nyumbani ibaki ndani kwa ajili ya ujumbe wa benki na pesa za simu, lakini izimwe intaneti. Laini ya ugenini ndiyo iwe ya intaneti. WhatsApp huendelea na namba ya zamani hata laini ikibadilishwa. Ikiuliza kama anataka kubadili namba, akatae.

Siku 2 za mwanzo

Mwili huzoea tofauti ya saa kwa wastani wa saa 1 hivi kwa siku. Kuruka kuelekea mashariki ni kugumu kuliko kuelekea magharibi, kwa sababu saa ya ndani ya mwili ina urefu unaozidi kidogo saa 24, na hivyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Aliyekwenda mashariki hukodoa macho usiku na kusinzia asubuhi. Aliyekwenda magharibi husinzia jioni na kuamka alfajiri nyumba nzima imelala. Mwonyeshe taa ya jikoni na birika mapema. Tofauti ikiwa saa 2 au 3, siku 2 zinatosha. Kama ndege ilikwenda kaskazini au kusini tu, ana uchovu wa kukaa kitako, nao huisha kwa usingizi mmoja mzuri.

Dawa kubwa ni mwanga wa nje. Mtoe dakika 30 mara 2 kwa siku, mkae kwenye benchi kama hawezi kutembea. Usingizi wa mchana usizidi dakika 30. Usimpangie lolote lenye tiketi siku hizi.

Angalia miguu yake. Kuvimba miguu yote miwili baada ya safari ndefu ni kawaida na hushuka akiinyanyua. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye shavu la mguu na kuwa wa moto, hiyo yaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akibanwa pumzi au kuumwa kifua ghafla, piga namba ya dharura, usisubiri. Hatari hii haishi siku ya kutua. Huendelea kwa wiki kadhaa.

Kumfundisha njia ya kurudi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Chagua mahali pamoja panapofikika kwa mguu, ndani ya mita 500, penye sababu ya mtu mzima kwenda: bustani yenye kivuli, nyumba ya ibada, maktaba yenye viti. Pasiwe na barabara kubwa zaidi ya 1 ya kuvuka. Tembea mwenyewe kwanza, polepole, ukiwa umebeba mzigo mzito mkono mmoja. Ukifika utajua ngazi ziko ngapi, mabenchi yako wapi, na ni wapi ambapo lami imepasuka.

Siku ya kwanza unamwongoza. Chagueni alama 4 tu zisizohama: kona ya jengo la mawe, mti mkubwa, daraja, mnara wa saa. Usitumie tangazo, rangi ya mlango wala gari lililoegeshwa, kesho havipo. Na kila kona, mkishaipita, msimamishe ageuke nyuma aangalie alikotoka. Watu husahau hili. Mtaa unaoonekana kwa mbele ni mtaa mwingine ukiutazama kwa nyuma, na wanaopotea wengi hupotea wakati wa kurudi.

Siku ya pili yeye anaongoza. Kaa hatua 10 nyuma yake na unyamaze. Akikosea kona mwache aende mpaka agundue mwenyewe, isipokuwa kama anaelekea kwenye magari. Kumsahihisha kila hatua kunamfundisha kukutegemea. Hata kama moyo unakuuma, kaa nyuma.

Siku ya tatu anakwenda peke yake, nawe uko nyumbani. WhatsApp ina sehemu ya kushiriki mahali alipo mtu kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Washeni ya saa 8, kwa sababu ya saa 1 huisha akiwa bado kwenye benchi anazungumza na mtu. Usimpigie. Akirudi na habari za alichokiona, kazi imekamilika.

Mfukoni mwake, si mkobani, awe na kadi iliyoandikwa kwa lugha ya mji huo na kwa Kiswahili: jina lake, anwani yako, namba yako na ya mtu wa pili anayeishi hapo, magonjwa, dawa, na kinachomdhuru. Mkoba huibwa au husahaulika, mfuko hubaki. Mpige picha mlango wa jengo lenu ukiwa umefungwa, maana majengo ya mtaa mmoja hufanana. Kisha mkubaliane sheria moja ya kupotea: anasimama alipo. Asitembee kutafuta njia. Asogee tu hadi kwa mtu aliyevaa sare au aliye nyuma ya kaunta, aonyeshe kadi, akusubiri. Namba ya dharura aikariri. 112 hufanya kazi katika nchi nyingi, lakini ya nchi hiyo ndiyo iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi.

Usisahau mlango wenyewe. Nyumba nyingi za ghorofa zina milango inayojifunga kwa nyuma, na ufunguo ukibaki ndani ndiyo basi. Mfungie nje mara 5, ukiwa wewe ndani, mpaka mkono wake uzoee. Lifti nayo ina mtego wake: katika nchi nyingine sakafu ya chini huhesabiwa 0, na nyingine huiita 1. Bandika kipande cha karatasi kwenye kadi yake: kitufe cha kupanda, kitufe cha kushuka.

Barabara, treni na ngazi za umeme

Kama alikotoka magari hushika kushoto na mjini kwako hushika kulia, shingo yake itageukia upande usio sahihi kila anapotaka kuvuka. Hili haliondoki kwa kuelezwa mara moja. Ni mazoea ya miaka 60. Sheria iwe kutazama pande zote mbili mara 2, na kuvuka kwenye taa tu. Baiskeli na skuta za umeme hazina mlio, kwa hiyo mwonyeshe njia ya baiskeli kwenye lami na alama yake, ajue kwamba hapo si pa kusimama kupiga picha.

Katika nchi nyingi taa za kuvukia hupangwa kwa mtu anayekwenda karibu mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 12 huvukwa kwa sekunde 10. Mzee mwenye mwendo wa mita 0.8 anahitaji sekunde 15, na taa itambadilikia katikati. Hivyo kijani mliyoikuta tayari inawaka muiache ipite, mngoje inayofuata, muanze nayo inapowaka tu. Hesabu hiyo hiyo itumike kwenye ramani ya simu, ambayo huchukulia mwendo wa karibu kilomita 5 kwa saa. Dakika 10 za ramani ziandike 20, ukiwa umeingiza na pumzi moja njiani.

Kati ya basi na treni ya chini ya ardhi, mpandishe basi. Linachelewa, lakini anaona mji, anaona ulikotokea na unakokwenda, na ngazi ni chache. Chini ya ardhi mtu hupotewa na mwelekeo kabisa. Ndani ya basi aketi kwanza, kutazama baadaye. Dereva huondoka abiria wakiwa bado wamesimama, na hapo ndipo watu wazima huanguka.

Mnapolazimika kushuka chini ya ardhi, ulizia lifti kabla ya kuondoka, na angalia siku hiyo hiyo kama inafanya kazi. Ikiwa lifti ni ya upande mmoja tu wa safari, itumieni kushuka. Goti bovu huumia zaidi likishuka kuliko likipanda. Kwenye ngazi za umeme, kaa daima kidato kimoja chini yake: mkipanda uko nyuma yake, mkishuka uko mbele yake. Ashike mkono wa ngazi kabla hajaweka mguu, na nguo ndefu ainyanyue, kwa kuwa pindo hunaswa pale ngazi zinapoingia sakafuni.

Milango ya treni ikifungwa mmoja akiwa ndani na mwingine nje, sheria ni hii, na aisikie kabla ya kupanda mara ya kwanza: mzazi akiwa ndani, anashuka kituo kinachofuata na kusimama pale pale aliposhukia, nawe unamfuata kwa treni inayokuja; mzazi akiwa nje, anabaki pale pale, nawe unashuka kituo kinachofuata na kumrudia. Mzazi harudi nyuma kamwe. Wawili wakirudi kutafutana hupishana njiani.

Tiketi: katika miji mingi tiketi isiyogongwa kwenye mashine ni sawa na kutokuwa nayo, na faini ni ile ile. Panapotumika kadi ya benki kwa kugusa, kila mtu awe na yake, na aliyoigusisha akiingia aigusishe hiyo hiyo akitoka. Mara nyingi simu yenye kadi ile ile huhesabiwa kama kadi nyingine, na mtu hutozwa nauli ya juu kabisa. Punguzo la wazee kwenye usafiri mara nyingi ni la wakazi tu. Kwenye makumbusho hupewa hata mgeni, akionyesha umri wake, basi tembea na nakala ya pasipoti.

Saa za ubaoni

Mzazi anayehesabu saa kwa Kiswahili akisoma 19:30 kituoni anaweza kukosa basi la mwisho. Mpe kanuni fupi aiandike nyuma ya kadi. Kuanzia 7:00 hadi 18:59, toa 6: 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa 18: 19:30 ni saa moja na nusu usiku, 22:15 ni saa nne na robo. Nawe unapomwambia muda wa kukutana, taja saa ya Kiswahili na namba ya ubaoni kwa pamoja, kila mara.

Siku ya matembezi makubwa

Jambo 1 asubuhi, jambo 1 baada ya kupumzika mchana, na baada ya siku 2 za hivyo siku 1 ya kukaa nyumbani. Watoto wengi hupanga mambo 5 kwa siku kwa sababu likizo ni fupi na mapenzi ni mengi. Matokeo yake mzazi hukumbuka foleni. Anza na mahali pa juu au safari ya chombo cha majini kinachokatiza mji, aone umbo la mji wote kabla ya vipande vyake, umwonyeshe: kwetu ni kule. Angalia pia siku za kufunga. Makumbusho mengi hufunga Jumatatu au Jumanne.

Usimuulize "umechoka?" Jibu ni "mimi sijambo, twende tu," hata akiwa hoi, kwa sababu hataki kukuharibia siku. Muulize "Mama, tukae hapa au pale kwenye kivuli?" Sasa kukaa kumekwisha kuamuliwa, na yeye anachagua kiti. Au sema miguu yako wewe ndiyo inauma. Kaeni kila dakika 20 hadi 30 kabla hajahitaji. Dalili za kuangalia: ameacha kuuliza maswali, anashika ukuta, anatazama chini tu, mwendo umepungua. Ukiona 2 kati ya hizo, siku imekwisha. Rudini kwa teksi.

Choo kipangwe kama kituo cha basi: mjue kilipo kabla ya kuondoka, na kila baada ya dakika 90 kiwepo karibu. Anayetumia dawa ya kupunguza maji mwilini kama furosemidi hubanwa ndani ya saa 1 ya kuimeza, na hali hiyo huendelea kwa takriban saa 6. Wapo wanaoacha kuimeza siku ya matembezi, au kuacha kunywa maji, na yote mawili ni hatari. Amuulize daktari wake kabla ya safari kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa.

Mwenye kisukari asicheleweshewe mlo na abebe kitu chenye sukari mfukoni. Kila jioni mkague nyayo zake kwa taa, kati ya vidole pia. Huenda hasikii maumivu ya kidonda. Kwenye baridi, mtu mzima hupoteza joto haraka na hugundua akiwa ameshapoa, kwa hiyo gusa mikono yake, usingoje aseme. Nguo nyepesi 3 zilizopandana ni bora kuliko koti 1 zito, maana ndani ya majengo kuna joto na anahitaji kuvua.

Makumbusho makubwa mengi huazima viti vya magurudumu bure kwa kuacha kitambulisho. Mzazi akikataa, usimbishie mbele ya watu. Mwambie vyumba ni vingapi na mwendo ni wa kiasi gani, kisha umwache aamue. Kiti mkisukume kitupu kikiwa na makoti. Wengi huketi kwenye chumba cha tatu.

Pigeni picha mkiwa wote wawili. Akipigwa picha mbele ya mnara peke yake, hana cha kuwasimulia waliobaki. Picha yenu mbele ya mlango wa kazini kwako, au na jirani yako, ndiyo atakayoitoa kila mgeni akija. Mtambulishe kwa watu wako kwa majina, na uwafundishe wao kumwamkia kwa "Shikamoo." Neno moja hilo kutoka kwa mgeni humlegeza mzazi kuliko ziara ya siku nzima.

Bei zifiche kadiri unavyoweza bila kusema uongo. Atabadilisha kila kiasi kuwa fedha ya nyumbani na kukosa raha. Lipa tiketi mapema, na yeye mpe noti ndogo na sarafu za kutumia anavyotaka, pasipo kuulizwa hesabu.

Siku unazokwenda kazini

Mwachie siku yenye shughuli: mahali pake pa asubuhi, chakula alichojua kukipasha moto, saa ya simu yenu, na jambo 1 la nyumbani ambalo ameomba mwenyewe kulifanya. Jiko la umeme wa sumaku halitoi moto unaoonekana na halikubali kila sufuria; alitumie mbele yako mara 3. Akiwa na kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, asilisogelee kwa chini ya sentimita 60 likiwa limewashwa. Mwonyeshe king'ora cha moshi kinavyolia na kinavyozimwa, kwa sababu kitalia siku atakayokaanga. Bomba la kuogea lenye maji moto na baridi pamoja liwekee alama ya wino pale joto linapofaa.

Siku 2 za mwisho usipange kipya. Mrudishe kule alikopapenda, yeye akiongoza. Pima mizigo saa 24 kabla, maana kikomo cha mashirika mengi ni kilo 23 kwa begi na zawadi ni nzito kuliko zinavyoonekana. Hakikisha kiti cha magurudumu kimeandikwa kwa safari ya kurudi pia, kwa sababu mara nyingi huombwa kwa ya kuja tu, na dawa za siku 3 zibaki mkononi ndege ikichelewa.